Macho ya Fundi

Bwenini, 9 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo wewe, na wifi, na Mama? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa ajili ya godoro la bweni hili. Nadhani aliyelilalia kabla yangu alikuwa na uzito wa gunia la saruji. Mwambie Mama sweta imefika na inanitosha, mikono tu ndiyo mirefu. Naona bado ana matumaini kwamba nitaongezeka.

Sasa keti, kama hujaketi. Nimepata leseni ya kwanza! Ni ile ndogo, ya boti za matembezi. Jumapili iliyopita niliwazungusha wageni wa hoteli kisiwani, na baba mmoja mwenye kofia pana akapanda, akanipa mkono, akaketi, kisha akauliza, "Nahodha anakuja saa ngapi?" Nikamwambia, "Umemshika mkono sasa hivi." Njia nzima alishikilia ubao wa boti kama mtu anayepelekwa kuhukumiwa.

Bado leseni kubwa, ya boti za biashara, ya kubeba abiria. Hiyo inataka mtihani wa darasani, mtihani wa majini, na saa nyingi za kuendesha chini ya nahodha mwenye leseni, ambaye atazitilia sahihi. Nahodha ninayemtaka ni mmoja tu duniani, naye hana karatasi. Kaka, sheria imeshapita. Kuanzia Julai asiye na leseni hashiki usukani wa boti ya abiria, hata kama alizaliwa ndani yake. Mkufunzi wetu anasema watahini watapita magatini mwezi wa tano kwa wale wasioweza kuja chuoni. Wakifika kwenu, tafadhali usijifiche nyuma ya mapipa ya mafuta. Nakutumia maelezo yangu ya darasani, yasome.

Mdogo wako,
Kisiki


Gatini, 2 Machi

Kisiki,

Tuko salama. Mama siku hizi anasikia sikio moja, na amechagua lile lisiloelekea upande wangu. Wifi yako anakusalimu. Amefurahia leseni yako kuliko alivyofurahia siku ya harusi yetu, na amesema hivyo mbele yangu.

Nimesoma maelezo yako. Yaani mimi niliyevusha wajawazito, majeneza, mbuzi na kabati la nguo la mwalimu mkuu, bila mtu kulowa soksi, leo nafundishwa kwamba kushoto ni taa nyekundu na kulia ni ya kijani! Fundi wetu wa mashine alicheka hadi spana ikamponyoka majini, kisha akanilaumu mimi kwa spana. Sasa ananiita Mwanafunzi. Juzi alikuwa kwenye kamtumbwi kake akienda kutengeneza mashine ya mtu, nikamwelekezea boti kama kawaida yetu, nimkaribie hadi aone kucha zangu, halafu nipinde. Akasimama katikati ya mtumbwi akapiga kelele, "Mwanafunzi! Soma sheria!" Abiria walikasirika, lakini unajua mchezo huo tunaucheza tangu ujana. Wewe ndiye uliyekuwa ukilia.

Nitafanya mtihani. Mtoto aliyekataa kushuka kwenye boti mpaka tukamwita Kisiki, nani atabishana naye ukubwani?

Kaka


Bwenini, 20 Machi

Kaka,

Salamu kwenu nyote. Nimeona barua yako nikafurahi, ila nina malalamiko. Mbona unaanza kuandika katikati ya karatasi? Upande wote wa kushoto umeuacha mtupu, maneno yamebanana kulia kama abiria wanaokimbia mvua. Karatasi siku hizi unazipata bure?

Nakutumia sehemu ya pili. Soma hasa habari ya kutazama pande zote. Mkufunzi ana boti ndogo za mbao anazosogeza mezani, na kila tukikosea anazigonganisha halafu anatutazama hadi tuone haya. Usiogope mtihani wa afya. Ni kupima presha ya damu, masikio na macho tu. Kwa macho unafunika jicho moja na kusoma herufi ukutani, halafu wanakumulika kidogo. Unamaliza kabla chai haijapoa.

Kisiki


Gatini, 28 Mei

Kwa Mwanafunzi mwenzangu,

Pokea salamu za nahodha halali! Nimeshinda. Mtihani wa darasani ulifanyiwa kwenye ghala la nyavu, na mimi nilimaliza kabla ya wenzangu kupata pa kuegemea. Wa majini mtahini alisema tu, "Mzee, endelea." Mama nimempigia kelele kwenye sikio lake zima, ameelewa, amelia.

La kuchekesha ni hili. Daktari alikuja siku moja tu, na siku hiyo ilikuwa ya soko, boti imejaa hadi juu. Ningeachaje abiria? Nikamwambia fundi, nenda ukapime kwa jina langu, sote tuna kichwa kimoja na masikio mawili. Hapa kwetu wengi walifanya hivyo. Mwenye presha alimtuma asiye na presha, kiziwi akamtuma shemeji. Basi fundi akaenda, akasoma herufi zote hadi zile ndogo za mwisho ambazo daktari mwenyewe alikuwa na miwani akizitazama. Imeandikwa kwamba nina macho ya kupigiwa mfano. Fundi anasema nimlipe soda kila nikiona kitu cha mbali.

Njoo ufanye saa zako. Nahodha wako sasa ana karatasi, iko ukutani juu ya kitanda.

Kaka


Bwenini, 10 Juni

Kaka yangu, nahodha halali,

Nimecheka peke yangu hadi mwenzangu wa chumba akauliza kama ninaumwa. Nikamsomea, tukacheka wote wawili. Kiziwi kumtuma shemeji! Msalimu fundi na umwambie macho yake ayatunze, sasa ni mali ya familia.

Hongera sana. Sijui niiandikeje furaha hii. Mwambie wifi naja mwezi ujao, na nitalala chumba cha Mama.

Kisiki


Bwenini, 5 Oktoba

Kaka,

Nimefika salama, nawashukuru kwa yote. Mama alinifungia chakula cha watu watano, na kondakta aliposikia harufu yake akahamia kiti cha karibu nami. Nimewasilisha saa zangu zikiwa na sahihi yako. Nimeshafanya mtihani wa darasani na wa majini, nimeshinda. Wiki ijayo napewa leseni kubwa.

Lakini kuna jambo, nimelibeba njia nzima. Miezi yote ile ulinikalisha kushoto kwako. Siku niliyohamia kulia ili nikwepe jua, uliniita nirudi, tena kwa ukali. Na kila mara ulikuwa ukisema, "Haya Kisiki, nisomee upande wako, kuna nini?" Nilidhani unanifundisha. Nilikusomea mitumbwi, nguzo, nyavu, kila kitu, nikajiona mwanafunzi hodari.

Nyumbani nako niliona unagonga bega la kushoto kwenye mlango wa jikoni. Uligonga asubuhi na jioni ukagonga tena. Wifi anakuwekea kikombe kulia, kama mtu aliyezoea. Kaka, unaona vizuri? Naomba jibu fupi tu.

Kisiki


Bwenini, 2 Novemba

Kaka, hamjambo? Sijapata jibu. Pengine barua imepotea. Nilikuuliza kuhusu macho.

Kisiki


Gatini, 30 Novemba

Kisiki,

Sisi tupo. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale. Mama anakuulizia. Hongera kwa leseni, wifi yako amewatangazia hadi wasiouliza.

Huku mambo si mabaya sana. Fundi ameumia mkono kidogo, mambo ya majini hayo, maofisa wameshakuja na kuondoka. Boti haina tatizo, rangi tu imechubuka. Hilo jingine uliloniuliza tutaongea ukija. Kazi ni nyingi.

Kaka


Bwenini, 8 Desemba

Kaka,

Leo sina salamu ndefu. Nimezungumza na wifi kwa simu ya dukani. Alilia zaidi ya alivyoongea, lakini nimeelewa.

Fundi hakuumia mkono kidogo. Boti yako iliugonga mtumbwi wake, na propela ikaondoka na vidole vitatu vya mkono wa kulia, mkono anaofanyia kazi. Alikuwa anavuka akitokea kushoto kwako. Wifi amekwenda kumwona, akamuuliza kwa nini hakupiga kasia akakwepa, maana alikuwa na nafasi. Unajua alijibu nini? "Nilikuwa nacheka. Nilijua atapinda." Alisimama katikati ya mtumbwi kama siku zote, anakungoja upinde, Kaka. Alikuona umemwelekezea uso akadhani unamchezea. Na wewe ulikuwa humwoni kabisa.

Wifi anasema fundi amewaambia maofisa kwamba yeye ndiye aliyekukatia njia. Kwa hiyo kwanza alikupa macho yake, sasa amekupa na vidole, na bado anakutolea ushahidi. Wewe unaniandikia habari ya rangi ya boti.

Mimi pia nina sehemu yangu. Ulivyoniandikia habari za mtihani ule nilicheka, nikamsomea na mtu baki. Mkufunzi wetu alishatuambia kwa nini wanamulika macho. Kuna ugonjwa hauumi wala hauwashi, unakula uoni kuanzia pembeni, na ukigunduliwa mapema ni dawa ya matone tu. Nilikuwa nalijua hilo na sikulikumbuka, kwa sababu ulikuwa wewe, na wewe kwangu huna kasoro. Naumia, Kaka. Sijui niseme vipi tena.

Nenda hospitali. Na acha usukani leo, usisubiri kesho.

Kisiki


Gatini, 14 Januari

Kwako wewe,

Mama mzima.

Baba alipokufa ulikuwa hujui kufunga kamba za viatu. Boti hii imekulisha, imekusomesha, imekulipia hilo bweni. Leo unaniandikia kama ofisa. Kumbe leseni yako imekupa na cheo cha kunisimamisha kazi.

Nikiacha usukani nitakuwa nani hapa gatini? Nitauza karanga? Watu wakiniita Nahodha nitaitika? Hayo huyafikirii, wewe unafikiria sheria.

Isitoshe, saa zako zote zina sahihi yangu. Sahihi yangu ikiwa haifai, na leseni yako haifai. Umefikiria hilo? Basi tulia.

Kaka


Bwenini, 27 Januari

Kaka yangu,

Hujambo? Mama hajambo? Nimefurahi kwamba umeandika, hata kama ni kwa hasira. Ukimya ndio uliokuwa unaniua.

Nimelifikiria. Jumatatu nilikwenda kwa mkufunzi nikaweka leseni yangu kubwa mezani kwake. Nilimwambia saa zangu hazikufanyika kama inavyotakiwa, zifutwe, nitaanza upya. Aliniuliza mara kadhaa kwa nini, nikarudia yale yale. Alisema chuo hakijawahi kuona mwanafunzi wa kurudisha leseni. Alikasirika, halafu akaninunulia chai. Kwa hiyo hilo la sahihi halipo tena kati yetu. Huwezi kunitisha nalo, na mimi siwezi kujificha nyuma yake.

Jina lako sikulitaja. Hilo nimekuachia wewe, kwa sababu ndiwe uliyenifunga kamba za viatu. Lakini sikiliza. Mama hupenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua, na siku zote tulidhani anazungumzia kifo cha mgonjwa. Boti yako inabeba watu wengi, na kushoto kwako hakuna mtu sasa. Ukiendelea, nitakuja mwenyewe, nisimame juu ya gati mbele ya boti ya baba yetu, niwaambie abiria wasipande. Nitalia nikiwaambia, lakini nitawaambia.

Kaka, usinifanye nije kwa kazi hiyo.

Nakupenda sana.

Kisiki


Gatini, 3 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajambo, sikio lile lile. Wifi yako hajambo, yuko hapa amenishikia karatasi. Naandika herufi kubwa, usinicheke.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumamosi sikuwasha mashine. Abiria walijaa gatini, nikawaambia mashine mbovu. Fundi alikuwa ameketi pale pale kwenye gogo, mkono umefungwa, na watu wote wakamgeukia yeye kumuuliza mashine ina nini. Nikamwona anafungua mdomo. Alikuwa anataka kunisaidia tena, Kisiki, na ule mkono wake mapajani. Nikamwambia, "Nyamaza, ndugu yangu." Nikawaambia wote hapo hapo kwamba mashine nzima, mimi ndiye sioni. Mama mmoja aliyekuwa ameshapanda akashuka, akapita mbele yangu polepole, akanishika bega.

Uliniuliza kama naona vizuri, nikakukwepa. Nilijua. Tangu mwaka juzi nguzo zilikuwa zinaniibukia ghafla kutoka kushoto. Siku ile ya daktari boti haikuwa imejaa. Nilimtuma fundi kwa sababu niliogopa.

Hospitali wanasema ni presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki katikati, naona uso wa mtu bila masikio yake. Kuna matone, asubuhi na jioni, ya kulinda kilichobaki, kilichokwenda hakirudi. Nilimuuliza daktari, kama ningepimwa mwezi wa tano ule? Aliendelea kuandika. Nikauliza tena. Akasema, "Ungekuwa na zaidi ya hiki."

Leseni nimeirudisha. Nimewaeleza maofisa habari yote, ya kupimwa na ya ajali, wakaandika, wamesema wataniita. Sijui watanifanya nini, na sitaki fundi aguswe kwa hilo. Nilikwenda kumwomba msamaha. Alikuwa anajifunza kukaza nati kwa mkono wa kushoto, ikawa inamponyoka. Nilimwokotea kila ilipoanguka, mpaka nyingine nikawa siioni na yeye ndiye akanionyesha ilipo.

Saa zako zianze upya, usikate tamaa. Tafuta nahodha mzuri. Mimi sitatia sahihi tena kitu chochote, lakini ukiipata leseni hiyo mara ya pili itakuwa yako kweli, na siku hiyo nataka kuwa hai.

Boti tumempa nahodha wa ng'ambo aiendeshe, ana karatasi na ana macho, ni mtu mpole. Jana nilivuka naye kwenda kliniki. Alinikaribisha nikae mbele karibu na usukani, kwa heshima, nikakataa. Nikakaa benchi la katikati, kati ya mwanamke mwenye mtoto na mtu mwenye gunia. Boti ilipoachia gati, mikono yangu ilitangulia mbele yenyewe ikashika hewa. Yule mwanamke akanitazama. Nikairudisha mapajani. Nikaikunja kifuani, nikaitia mifukoni, nikaitoa tena. Kisiki, nimevusha watu maisha yangu yote, na sikuwahi hata siku moja kugeuka nyuma nikatazama abiria huweka wapi mikono yao.

Kaka yako